Ada ya Kazi Huanza kwa Mwenye Duka



Vijana wetu wamerudi kutoka vyuoni na neno jipya: utamaduni wa kampuni. Ukiingia katika afisi nyingi siku hizi utaliona limeandikwa kwa herufi nzuri na kutiwa fremu ukutani: uadilifu, ubunifu, mshikamano, mteja kwanza. Hatuna ugomvi na maneno hayo. Twasema tu kwamba ada ya mahali pa kazi haisomwi ukutani. Msichana anayeanza kazi Jumatatu huijua ada ya mahali hapo kabla ya Ijumaa, ingawa hakuna aliyemkalisha kumfundisha. Ameona ni nani huchelewa na haulizwi, na ni nani hukemewa mbele ya wateja. Amesikia mshahara hutoka tarehe ngapi, na kama tarehe hiyo ni ya kweli au ni ya kusemwa. Na amemtazama mwenye mali mwenyewe anapotia mkono katika sanduku la pesa, aone kama anaandika au haandiki.

Watu wa pwani hawakuhitaji kungoja neno hili lije kutoka ng'ambo. Bibi harusi aingiapo kwa wakwe zake hapewi kitabu cha kanuni za nyumba ile. Huketi, hutazama, na baada ya siku saba anajua kahawa hunywewa saa ngapi, nani hula kwanza, na neno gani halisemwi mbele ya baba mkwe. Hiyo ndiyo ada. Kampuni nayo ni nyumba, ila watu wake wamekutanishwa na mshahara badala ya ndoa.

Juma hili twapenda kuwatoa wasomaji wetu pwani na kuwapeleka Maseno, upande wa Ziwa Viktoria. Tulikwenda huko kwa mwaliko wa wanafunzi Waislamu, tukakaa siku kadhaa, na tukaona kwamba swali hili la ada ya kazi lina historia ndefu katika mji ule mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Maseno iko kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia. Mstari wa ikweta hupita hapo, na soko la Luanda liko karibu, kwa hiyo Kijaluo na Kiluhya husikika katika duka moja, mara nyingine katika sentensi moja. Jina la mji, kama wenyeji wasemavyo, limetokana na mti uitwao oseno, uliosimama mahali ambapo wamishonari wa Kianglikana walijenga kituo chao. Shule yao ilianza mwaka 1906. Hospitali ya misheni ipo, na Chuo Kikuu cha Maseno kilipata hadhi ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2001. Ni mji wa walimu, wauguzi, makarani, wapishi na wapangishaji wa vyumba. Karibu kila mtu unayekutana naye ameajiriwa au amemwajiri mwenziwe.

Mwaka 1908, shule ile ikiwa na umri wa miaka miwili tu, wanafunzi waligoma. Walikuwa wamekuja kutafuta elimu ya kitabu, wakajikuta wakitumikishwa kazi za mikono kupita walivyotarajia. Wanaoandika historia ya elimu ya Kenya huutaja mgomo huo kuwa wa mwanzo kabisa kujulikana katika shule za nchi hii. Hatuutaji ili kufufua ugomvi wa watu waliokwisha kufariki. Twautaja kwa sababu wale vijana walitoka katika nyumba za wakulima na wafugaji. Jembe hawakuliogopa, na kuchota maji hawakuanza kwa mzungu. Tunavyoona sisi, kilichowauma ni kwamba waliitwa kwa neno moja na wakatumiwa kwa neno jingine. Mwajiri yeyote anayemwambia kijana "njoo ujifunze kazi" kisha akamfanya mtu wa kutumwa sokoni miaka mitatu, ajue kwamba kisa hiki kina zaidi ya miaka mia moja na bado ni kibichi.

Kisa cha pili cha Maseno ndicho kilichotuvuta zaidi.

Mnamo miaka ya 1940 palikuwa na mwalimu hapo, Oginga Odinga, aliyezaliwa mwaka 1911, akasoma Maseno, kisha Alliance na Makerere, akarudi kufundisha, na akawa mkuu wa shule ya mifugo ya Maseno. Wengi wetu twamjua kwa siasa: Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, kisha mpinzani kwa miaka mingi hadi kufariki kwake mwaka 1994. Lakini kabla ya siasa alikuwa mtu wa biashara, na biashara hiyo ilizaliwa miongoni mwa walimu. Yeye na wenzake walianza kuweka akiba pamoja kutokana na mishahara yao, na akiba hiyo ikakua ikawa kampuni iliyoandikishwa mwaka 1947 kwa jina la Luo Thrift and Trading Corporation.

Litazameni jina hilo kwa makini. Baada ya jina la jamii, neno linalotangulia ni la kuweka akiba. Neno la kufanya biashara linakuja nyuma yake. Ni kama waasisi walitaka kila anayeitaja kampuni akumbushwe tabia kabla ya kukumbushwa faida. Sisi tumeona kampuni nyingi ambazo jina lake ni la kifalme na daftari lake la hesabu ni karatasi za kufungia karanga.

Zama zile serikali ya kikoloni haikuwa na imani kwamba Mwafrika aweza kuendesha kampuni, na Waafrika wenyewe wengi hawakuwa na imani pia. Biashara ya Kisumu na miji ya kandokando ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Mwananchi wa kawaida aliyezoea kuiona mali yake ikitembea kwa miguu minne malishoni hakuwa mwepesi wa kuigeuza iwe karatasi ya hisa, tena iliyo mikononi mwa mwalimu wa shule. Kwa hiyo Odinga na wenziwe walikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kukusanya pesa, na hiyo ilimfanya asafiri kuwatafuta Wajaluo waliokuwa wakifanya kazi katika miji mbalimbali ya Afrika Mashariki, awauzie hisa. Ya pili, nayo ndiyo ngumu, ni kuishi kwa namna ambayo mtu aliyetoa shilingi zake chache hatajuta akimwona meneja wake njiani.

Kampuni ilikuwa na duka Maseno, ikawa na kiwanda cha uchapaji Nairobi kilichoitwa Ramogi Press, na ikajenga Kisumu jengo lililojulikana kama Ramogi House. Mwaka 1957 Odinga aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na tangu hapo nchi ikamjua kwa jambo jingine. Kampuni inayobebwa na tabia ya mtu mmoja hutetereka mtu huyo akiitwa kwingine. Na hili ni la kufikiriwa na kila baba mwenye duka ambaye wanawe hawajui hata jina la mwenye kumletea sukari.

Kwa nini tunazungumza na mama zetu kuhusu kampuni ya walimu wa Kijaluo? Kwa sababu kampuni ile ilikuwa na kitu ambacho biashara zetu nyingi za familia hazina: wenye mali walikuwa wengi na wadogo, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuuliza. Duka la familia halina wa kuuliza. Baba hachukui pesa, "anatoa" tu. Mjomba hakopi, "anasaidiwa." Shangazi akipita jioni hufungiwa mchele kilo mbili na hakuna anayeandika, kwa kuwa kuandika kutaonekana ni kumvunjia heshima. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi twaongeza kwamba kabla ya mali kupotea hupotea uaminifu wa mfanyakazi, kwa sababu yeye yuko pale pale nyuma ya meza, anatazama.

Bi Khadija (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa mwajiri. Wanawake wanaosoma ukurasa huu hatupendi wasahau hilo. Alikuwa na misafara iendayo Sham, hakwenda nayo mwenyewe, na kwa hiyo alihitaji watu wa kuaminika. Alipomtafuta Muhammad (s.a.w.), kabla ya utume, alimtafuta kwa sifa aliyosikia ya uaminifu, na mtumishi wake Maysara aliyekwenda katika safari hiyo ndiye aliyerudi na kumsimulia aliyoyaona. Katika kisa hiki watu hutazama ndoa iliyofuata. Sisi leo twamtazama Maysara. Bibi yule alimsikiliza mtumishi wake. Habari ya jinsi kazi ilivyofanyika njiani ilimfikia kutoka kwa mtu wa chini, naye akaiamini na akaitendea kazi. Ni wangapi leo, wenye maduka na wenye kampuni, ambao habari ya mtumishi huwafikia bila kupita kwa meneja akaikata kichwa na mkia?

Turudi Maseno. Karibu na chuo kikuu tulijulishwa kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye hoteli ya chakula: chai, chapati, maharagwe, samaki wa kukaanga, ugali. Ana wafanyakazi tisa. Mwanawe aliyesoma biashara alimwekea ukutani fremu yenye maneno matatu: Uaminifu, Umoja, Ubora. Akatuuliza: "Sheikh, hawa nawalipa, nawalisha, lakini jikoni samaki wanapungua kila siku. Niwafanyeje waione kazi ni yao?"

Tulikaa pale mchana mmoja kabla ya kumjibu. Saa saba hivi wanawe wawili na rafiki yao waliingia, wakapita moja kwa moja mpaka jikoni, wakatoka na samaki watatu na chapati, wakala, wakanawa, wakaenda zao. Hawakuandika. Hakuna aliyewaza kwamba kuna cha kuandikwa. Mpishi alikuwa amesimama kwenye jiko lake na kijiko mkononi, hakusema neno, na sisi tuliouona uso wake tulilielewa jibu lake.

Tulimwambia yule mama kwamba samaki wale ni wake, na wanawe wana haki ya kula kwa mama yao. Lakini jikoni hakuna anayejua hesabu ya haki. Jikoni panajulikana tu kwamba samaki hutoka bila kuandikwa. Akitoka mmoja hivyo saa saba mchana, watatoka wawili saa tatu usiku ndani ya mfuko wa plastiki, na mwenye kuwatoa hatajiona mwizi. Atajiona mtu wa nyumbani, kama alivyoambiwa siku ya kwanza kwamba hapa sote ni familia moja. Tukamshauri aweke daftari jikoni, na jina la kwanza kuandikwa humo liwe la nyumba yake mwenyewe: watoto wa mama, samaki watatu, chapati sita. Alicheka sana. Mwanawe wa biashara hakucheka. Aliuliza kama sasa atalipishwa. Mama akamjibu kwamba hatalipishwa ila ataandikwa, na mpishi awe ndiye mwenye kalamu.

Kuhusu chakula cha wafanyakazi, tulimwuliza wanakula nini na saa ngapi. Wanakula kinachobaki, akasema, wateja wakiisha. Siku zenye wateja wengi hakibaki kitu. Hapo hatukuwa na haja ya kusema mengi. Mtu anayepakua sahani mia moja za chakula huku tumbo lake likiwa tupu, ukimwita mwizi kwa kipande cha samaki umemwonea mara mbili. Mlo wa wafanyakazi upikwe kwanza, uhesabiwe katika gharama, na uliwe kwa saa inayojulikana.

Jambo lililokuwa zito zaidi halikuwa la samaki. Lilikuwa la siku.

Wasichana wawili kati ya wale tisa ni Waislamu kutoka Mumias. Mama aliwapa, kwa moyo wake mwema, nafasi ya swala, na Ijumaa mchana aliwaruhusu kwenda msikitini. Wengine sita ni Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na Jumapili wote walifanya kazi, kwa kuwa wanafunzi hawaendi darasani siku hiyo na hoteli hujaa. Mmoja, muosha vyombo, ni Msabato kutoka upande wa Kendu Bay, mji ambao una msikiti na Waislamu wa tangu zamani, na pia una misheni ya Wasabato hapo Gendia tangu mwaka 1906. Siku yake ya ibada ni Jumamosi. Yeye hakuwahi kuomba. Aliogopa kupoteza kazi.

Yule mama hakuwa ameona kwamba kuna tatizo. Aliona amewatendea wema wasichana wake, na ni kweli. Lakini watu saba waliobaki waliona kwamba katika nyumba hii dini ya mwenye mali ina mlango na dini yao ina ukuta. Ndiyo maana fremu ya Umoja ilikuwa ikichekwa jikoni. Dada zetu, uadilifu tulioamrishwa haukomei kwa anayeswali safu moja nasi. Na mwajiri Mwislamu katika mji wa Wakristo ndiye anayetazamwa zaidi, kwa sababu kwa wengi pale yeye ndiye Mwislamu pekee wanayemjua kwa karibu.

Walikaa kikao, wote kumi, Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua. Mama aliweka karatasi ya juma mezani akasema kila mtu ataje saa zake za ibada bila kuogopa. Muosha vyombo ndiye aliyekuwa wa mwisho kusema. Ilipochorwa, ikaonekana kwamba Mungu, kwa hekima yake, aliwagawia siku tatu zinazofuatana: Waislamu wakishika Ijumaa, wengine wanaziba nafasi, Msabato akienda Jumamosi, Waislamu wanaosha vyombo, Jumapili asubuhi Waislamu na Msabato ndio wanaofungua, na Wakristo wengine huingia mchana kwa zamu. Hoteli haikufungwa hata saa moja. Lililokuwa limekosekana ni mtu wa kuuliza.

Katika kikao hicho hicho lilitoka jambo la pili ambalo mama hakulitarajia. Chuo kikifunga, wateja hupotea, na mshahara wa mwezi huo huchelewa. Wafanyakazi wote walijua sababu. Kilichowaudhi ni kwamba hakuna aliyewaambia mapema. Kila mara waliambiwa "kesho, kesho" hadi tarehe kumi na tano. Sote twayajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake kutokauka. Kalenda ya chuo hutoka mapema. Wakakubaliana kwamba miezi ya masomo fungu fulani liwekwe kando kila juma kwa ajili ya mwezi wa likizo, na kiasi kilichowekwa kiandikwe katika daftari lile lile la jikoni, kila mtu aone. Walimu wa Maseno wa miaka ya 1940 wangeitambua njia hiyo.

Mkubwa naye huangushwa na hili. Mumias si mbali na Maseno, na Waislamu wake twawajua vizuri. Kiwanda cha sukari kilichoanza kutengeneza sukari mwaka 1973 kilikuwa fahari ya eneo zima la magharibi: kilikuwa na nyumba za wafanyakazi, shule, na maelfu ya wakulima wa miwa waliokitegemea. Mwaka 2001 hisa zake ziliingia katika soko la hisa la Nairobi. Septemba 2019 kiliwekwa chini ya mrasimu wa benki iliyokidai, baada ya miaka ya hasara, madeni, na wafanyakazi na wakulima kukaa bila kulipwa. Sababu ni nyingi na mahakama zimezisikiliza nyingine. Sisi si mahakimu. Lakini ukimuuliza mke wa mfanyakazi wa kiwanda kile ni lini alijua mambo yameharibika, hatakutajia mwaka 2019. Atakutajia mwezi wa kwanza ambao mshahara ulichelewa na hakuna mkubwa aliyesimama kusema kwa nini.

Hadi hapa tumezungumza na wenye mali. Mabinti zetu wengi, hata hivyo, wako upande wa pili wa meza: makarani, wauguzi, walimu, wahudumu wa benki. Nao wajue kwamba si kila kitu katika ada ya kazi ni hisani ya mkubwa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake, na kifungu cha 41 chasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku ishirini na moja za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Mama aliyejifungua ana likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini kwake. Baba ana majuma mawili. Mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi ni lazima awe na tamko la maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, na awajulishe watu wake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa faragha pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa; mahali penyewe si choo, na sheria imelisema hilo. Binti akiulizia chumba hicho si mtovu wa adabu. Aulizie kwa upole, kwa maandishi, na abaki na nakala.

Tumeliacha mpaka mwisho jambo ambalo huenda wengine wangependa tusilitaje. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna mahali pa kazi mnapopasimamia kila siku, hata kama hamjawahi kuandikisha kampuni. Ni jikoni mwenu. Dada anayekusaidia kazi za nyumbani ni mfanyakazi. Mwaka 2012 Mahakama ya Viwanda ya Kenya ilitamka wazi kwamba mfanyakazi wa nyumbani analindwa na sheria za kazi kama wafanyakazi wengine. Siku ile moja katika saba ni yake pia. Kima cha chini cha mshahara kinachotangazwa na serikali kinamhusu. Nasi tukihesabu saa zake, tangu kabla ya alfajiri hadi vyombo vya usiku vinapokauka, tutaona hatuna haja ya kwenda Maseno kutafuta mahali ambapo watu huitwa familia ili wasiulize.

Ni katika mwezi wa Ramadhani hesabu hiyo huwa nzito zaidi. Dada huanza futari tangu adhuhuri, hupakua magharibi, huosha baada ya tarawehe, kisha huamshwa saa tisa usiku apashe daku. Watoto huamka saa tatu za asubuhi. Yeye saa kumi na mbili yuko ufagioni. Wengine kati yao hata hawafungi, kwa kuwa si Waislamu, nao hula mchana kwa kujificha nyuma ya mlango wa stoo kama waliokosea.

Familia moja tuijuayo iliamua kubadilisha. Chakula cha daku kilipikwa baada ya tarawehe na kufunikwa, chai ikatiwa katika chupa, na saa tisa usiku wenye nyumba wakaamka wao wenyewe. Dada akapewa saa yake ya kula mchana, mezani, mlango ukiwa wazi. Mwaka wa kwanza watoto walinung'unika, na baba alivunja sahani mbili gizani. Mwaka uliofuata aliyekuwa akipasha moto chapati ni mtoto wa miaka tisa, amesimama juu ya kigoda, na dada alilala hadi saa kumi na mbili.